Babu Rosaire na Swali la Alhamisi

Saa kumi na moja alfajiri, Carmelle Daigle alivaa viatu vyake vya kazi. Aliandika karatasi mbili, akazibandika kwenye mlango wa friji. Ya kwanza ilisema: "Baba, supu ya kuku iko rafu ya juu." Ya pili ilisema: "Usiwashe jiko."

Kisha akaenda kazini, kwenye kiwanda cha karatasi. Ndivyo alivyofanya kila siku ya zamu.

Baba yake, mzee Rosaire, aliamka saa moja. Alizisoma karatasi zote mbili. Hakula supu. Alivuta kiti chake hadi dirishani, akaketi.

Ulikuwa mwezi wa Septemba. Kwetu huku bondeni, kaskazini mwa jimbo la Maine, viazi vikikomaa shule hufungwa wiki tatu ili vijana wakavune. Ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la akina Lizotte, trekta lilivuta mashine ya kuvunia. Vijana wanne wenye kofia za sufu walisimama juu ya mashine hiyo, wakiokota mawe kati ya viazi. Rosaire aliwatazama asubuhi nzima.

Alikuwa na miaka themanini na mbili. Alivuna viazi tangu utotoni, kwanza kwa mikono na kikapu, baadaye kwa mashine. Sasa shamba lake lililimwa na wengine. Mkewe, Lucille, alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita.

Carmelle aliporudi jioni, supu ilikuwa pale pale.

"Baba, hukula tena?"

"Nilikula."

"Ulikula lini?"

"Jana."

Carmelle hakujua acheke au alie.

Wiki iliyofuata alirudi akakuta nyumba imejaa moshi. Madirisha yote yalikuwa wazi. Kikaango kizito cha mama yake kilikuwa kwenye sinki, cheusi kama lami. Rosaire alikuwa amekaa mezani na koti lake.

"Baba! Ungeungua! Si nilikuandikia usiwashe jiko?"

"Nilitaka ploye," alisema mzee. "Nikakaa kidogo kusubiri kikaango kipate moto. Usingizi ukanichukua."

Ploye ni chapati nyembamba ya njano, ya unga wa nafaka nyeusi inayolimwa huku huku bondeni. Huliwa na siagi na shira ya utomvu wa miti. Lucille alipika ploye kila jioni kwa miaka hamsini na mitano. Hakuwahi kuandika mahali popote jinsi alivyozipika.

Carmelle aliketi. Alikuwa na jambo ambalo hakutaka kulisema.

"Baba, daktari anasema umepungua kilo saba na huna ugonjwa. Na sasa moto. Mimi siwezi kuacha kazi. Nimekuandikisha kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kule mjini Bangor. Chumba kitapatikana Desemba. Wanataka jibu kabla ya tarehe ishirini Novemba."

"Bangor? Hiyo ni saa tatu na nusu kwa gari. Nani atakuja kuniona?"

"Mimi. Kila Jumapili."

"Kwenye theluji?"

Carmelle aliinuka. Alianza kusugua kikaango.

*

Noella Cyr alifanya kazi katika ofisi ya ustawi wa wazee. Kila mtu bondeni alimfahamu, kwa kuwa gari lake lilikuwa na kelele. Mwezi wa Oktoba, mavuno yalipokwisha, alianzisha mikutano ya wazee na vijana kila Alhamisi jioni katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Carmelle alimpeleka baba yake.

"Saa mbili tu, Baba. Jaribu."

"Sawa. Nikifa kwa uchovu, utajua pa kunichukua. Makaburi yako nyuma hapo."

Ukumbini walikuwapo wazee tisa na vijana kumi na wawili wa sekondari. Vijana walikuwa wameambiwa waje kuwasaidia wazee, nao walisaidia kweli. Mmoja alimvua Rosaire koti kama mtoto. Mwingine alimkatia nyama vipande vidogo. Wa tatu alimwekea mbele karatasi na kalamu za rangi.

"Ni za nini hizi?" Rosaire aliuliza.

"Za kuchora ua, babu," kijana alisema kwa sauti kubwa sana. "UA ZURI!"

"Sikio langu ni zima, kijana. Ni subira yangu ndiyo mbovu."

Aliinuka, akaenda jikoni kutafuta kahawa. Huko alimkuta msichana wa miaka kumi na sita mbele ya kikaango. Alikuwa Tessa Lizotte, binti wa lile shamba la ng'ambo ya barabara. Alikuwa akipika ploye kwa unga wa pakiti. Rosaire alimwona akiingiza mwiko chini ya ploye. Kabla hajasema neno, Tessa akaigeuza.

"Umeiua!" mzee alipiga kelele.

Tessa aliruka nusu hatua. "Nimeua nini?"

"Ploye haigeuzwi! Wewe ni Lizotte, umezaliwa hapa bondeni, na unageuza ploye? Bibi yako angelia."

"Bibi yangu alikufa kabla sijazaliwa. Kwetu tunanunua zilizogandishwa dukani." Tessa alikunja uso. "Na kwa nini haigeuzwi? Juu ilikuwa mbichi. Ningefanyaje?"

"Haigeuzwi kwa sababu haigeuzwi."

"Hilo si jibu, babu."

Rosaire alitazama kikaango. Alikuwa amekula ploye maisha yake yote, na hakuwahi kujua kwa nini hazigeuzwi.

Aliporudi nyumbani alikuwa amenuna. Lakini walipokuwa wakivua viatu mlangoni, mzee alisema ghafla:

"Carmelle, kwa nini ploye haigeuzwi?"

Carmelle alimtazama. Hilo lilikuwa swali la kwanza la udadisi ambalo baba yake aliuliza tangu mazishi.

"Sijui, Baba."

"Hata mimi," alisema mzee. "Ajabu, sivyo?"

*

Jumamosi Noella alikuja nyumbani. Alikuja kuomba radhi.

"Nimesikia hukufurahi, mzee Rosaire. Sita kati ya wale tisa wamesema hawarudi."

"Waliniletea kalamu za rangi, Noella. Nimeendesha trekta miaka hamsini."

"Najua. Nimeona aibu."

"Yule binti wa Lizotte peke yake ndiye aliyenifanyia kitu cha maana. Aliniuliza swali nikakosa jibu. Siku mbili sasa nalitafuta. Nimempigia simu dada yangu kule Edmundston, ng'ambo ya mpaka. Nimemuuliza padri."

"Padri alisemaje?"

"Alisema ni mila. Maana yake naye hajui."

Noella aliweka kikombe chake mezani.

"Kosa ni langu," alisema hatimaye. "Niliwaambia vijana waende kuwasaidia wazee. Basi wakawatazama ninyi kama mizigo ya kubeba. Na ninyi mkawatazama wao kama watoto wanaotumwa. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumjua mwenzake."

Carmelle alikuwa akikunja nguo pembeni. "Sasa utafanya nini?" aliuliza.

"Nitabadilisha. Alhamisi ijayo hakuna atakayekuja kusaidia. Kila mtu, mzee au kijana, atakuja na swali moja. Liwe swali ambalo kweli hajui jibu lake, na kweli anataka kulijua. Nitawapanga wawili wawili, mzee na kijana, na watakaa pamoja wiki zote, wasibadilishwe badilishwe. Watu wakikutana mara moja hupeana salamu tu. Wakikutana mara nane ndipo huanza kuzungumza."

"Na mzee asiposikia vizuri?" Carmelle aliuliza. "Au kijana akiwa na aibu?"

"Nitakutana na vijana kwanza, saa nzima, niwafundishe. Ukae mbele ya mtu, uso wako auone. Usipaze sauti kabla hujaombwa. Usimkatie mtu nyama bila kumuuliza. Na wazee nao nitawaambia wasianze kila sentensi kwa 'zamani zetu'. Vijana huchoka."

Rosaire alicheka. Carmelle aliacha kukunja nguo. Alikuwa amesahau sauti ya kicheko hicho.

"Na swali lako litakuwa lipi, mzee?" Noella aliuliza.

Rosaire aligeuka, akatazama dirishani. Alifikiri.

"Trekta la akina Lizotte," alisema polepole. "Mwezi mzima wa Septemba nililitazama. Dereva hashiki usukani. Mara anakunywa kahawa, mara anatazama simu. Lakini mistari imenyooka kuliko yangu. Nani anaendesha?"

*

Alhamisi ya pili, Rosaire alikaa mezani na Tessa. Kati yao palikuwa na jiko dogo la umeme, bakuli, unga na kikaango cha Lucille, ambacho Carmelle alikuwa amekisugua mpaka kikang'aa.

"Tufanye majaribio," Tessa alisema. "Moja tunageuza, moja hatugeuzi. Halafu tunazipasua tuone."

"Kama darasani?"

"Kama darasani, ila tutakula majaribio."

Walichanganya unga, chumvi, poda ya kuumulia na maji ya bomba. Wakapika. Ile waliyoigeuza ilitoka nzito. Ile wasiyoigeuza ilibaki mbichi juu, kama tope la masika.

"Unaona?" Tessa alisema. "Bila kugeuza haiivi."

Rosaire aliitazama kwa makini. "Haina macho," alisema.

"Macho?"

"Vitundu. Za Lucille zilikuwa na vitundu juu, mamia, kama sega la nyuki. Siagi ilizama humo."

"Alifanya nini kupata vitundu?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa mlaji tu."

"Fikiri, babu. Wewe ulikuwa wapi alipopika?"

"Nilikuwa nimekaa na gazeti langu."

"Muda wote?"

"Muda wote. Nilisimama mara moja tu, aliponiita. Kila jioni alikuwa akisema, 'Rosaire, leta birika!' Nampelekea birika, narudi kwenye gazeti."

Tessa aliacha kukoroga. "Birika la nini?"

"La kahawa, nadhani."

"Alikunywa kahawa jioni?"

Mkono wa Rosaire ulibaki hewani, kijiko kikidondosha rojo mezani.

"Hapana," alisema. "Lucille hakunywa kahawa jioni. Ilimnyima usingizi."

Tessa alikimbia jikoni. Alirudi na birika lililokuwa likitoa mvuke. Walichanganya rojo mpya, nzito zaidi. Mwishoni Rosaire alimimina maji yanayochemka huku Tessa akikoroga haraka. Wakamwaga kidogo kwenye kikaango cha moto.

Kwa sekunde chache hakikutokea kitu. Kisha kitundu kimoja kikafunguka. Kikafuata kingine. Mara uso wote wa ploye ukajaa macho, na kila jicho likatoa mvuke mwembamba. Juu pakaanza kukauka bila mtu kugusa.

"Mvuke unapita juu!" Tessa alisema. "Ndiyo maana haigeuzwi. Ukigeuza unaziba vitundu, mvuke unabaki ndani, inakuwa nzito. Babu! Umeipata!"

Macho ya Rosaire yalikuwa yamelowa.

"Miaka hamsini na mitano," alisema. "Kumbe nami nilikuwa napika."

Jioni hiyo alikula ploye sita. Noella alizihesabu kutoka mlango wa jikoni.

Swali la Rosaire lilijibiwa Jumamosi. Tessa alikuja kumchukua, wakavuka barabara. Baba yake Tessa aliwasaidia kumpandisha mzee kwenye trekta. Tessa alimwonyesha kioo kidogo kando ya usukani. Mistari ya shamba ilionekana humo kama kwenye daftari.

"Setilaiti iko juu angani," Tessa alieleza. "Inaliambia trekta liko wapi. Wewe unageuza tu mwisho wa mstari. Zamani wewe ulijuaje kunyoosha?"

"Nililenga mnara wa kanisa. Ukiuona katikati ya pua ya trekta, umenyooka."

Tessa alitazama mbele. Mnara ulionekana pale pale, mdogo, mwisho wa shamba.

"Kwa hiyo hata wewe uliongozwa kutoka juu," alisema.

"Ndiyo, lakini mnara wangu haukuzimika betri."

*

Wiki zilipita. Mvua ya Oktoba ikageuka theluji. Wale wazee sita walirudi mmoja mmoja, wengine kwa sababu ya harufu ya ploye tu. Mzee mmoja alitaka kujua watu wanapendanaje kwa njia ya simu. Kijana mmoja alitaka kujua mtu anafanyaje akifiwa na rafiki. Hilo la pili halikujibiwa kwa Alhamisi moja tu.

Carmelle aliona mabadiliko. Supu ilipungua kwenye friji. Asubuhi moja alikuta karatasi ya tatu mlangoni, mwandiko wa baba yake: "Nunua unga." Hata hivyo tarehe ishirini ilikaribia, na moshi ule hakuusahau.

Siku mbili kabla ya tarehe hiyo, alikuja ukumbini moja kwa moja kutoka kazini. Alimvuta Noella pembeni.

"Kesho asubuhi nawapigia simu Bangor," alisema. "Nawakubalia. Nashukuru kwa yote, Noella. Amechangamka. Lakini Alhamisi ni siku moja. Siku sita nyingine yuko peke yake na jiko."

"Uamuzi ni wenu," Noella alisema. "Na una haki ya kuogopa. Sitakudanganya. Mikutano hii haitibu kila kitu. Mtu akivunjika mguu, Alhamisi haiungi mfupa. Yeye amesemaje?"

"Nani?"

"Baba yako."

Carmelle alitazama chini. "Nilimweleza."

"Kumweleza si kumuuliza. Kila anayeingia humu huja na swali, Carmelle. Wewe umekuja na lipi?"

Carmelle alivua kofia yake ya kiwandani. Kisha alienda mezani. Rosaire na Tessa walikuwa wakibishana kwa nini ploye ya kwanza huharibika daima.

"Baba," alisema. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Tessa aliinuka aondoke, lakini mzee akamshika mkono wa sweta.

"Kaa," alisema. "Hili ni swali zuri. Limechukua muda kufika." Akamgeukia binti yake. "Nataka kukaa nyumbani, Carmelle. Lakini lile jiko hata mimi linanitisha. Siku ile niliamka sioni mlango. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeshaogopa vya kutosha."

Carmelle alikaa. Hakuwahi kudhani kwamba baba yake pia aliogopa.

"Basi tuanze hapo," alisema.

Walizungumza saa nzima. Noella alileta kiti chake. Alisema kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye jiko, nacho hulizima lenyewe mtu akiondoka au akisahau. Ofisi yake inacho. Tessa alisema basi la shule linamshusha mbele ya nyumba yao kila siku saa tisa, na kwamba Jumatatu na Jumatano anaweza kuvuka barabara.

"Si kukulinda, babu," aliharakisha kusema. "Nina mtihani wa historia na hujanieleza watu walivunaje bila mashine."

"Nitakueleza. Na wewe utanifundisha kupiga simu yenye picha. Nataka dada yangu aone macho ya ploye."

Carmelle aliahidi kuomba zamu fupi kwa wiki mbili kila mwezi. Rosaire aliahidi kupanda mizani ya daktari kila mwezi, bila kubishana. Wakakubaliana jambo la mwisho: kama atapungua tena, au akianguka, watakaa tena meza hiyo hiyo na kuulizana upya.

Asubuhi iliyofuata simu ilipigwa, lakini aliyepiga ni Rosaire mwenyewe. Carmelle alisimama karibu naye akisikiliza.

"Asante sana, mama," mzee alimwambia mwanamke wa Bangor. "Mpeni mwingine chumba hicho, kuna watu wanakihitaji. Mimi Alhamisi nina watu wananingoja."

*

Januari, mizani ya daktari ilionyesha kilo nne zaidi. Jina la Rosaire bado liko kwenye orodha ya Bangor, mwishoni kabisa, kama akiba. Ukumbi wa kanisa sasa una wazee kumi na saba. Noella amelazimika kuomba meza za shule.

Jioni moja ya Jumatano Carmelle alirudi kutoka kazini, theluji ikiwa imefika magotini. Alifungua mlango. Hapakuwa na moshi. Taa ya kile kifaa cha jiko iliwaka rangi ya kijani. Tessa alikuwa mezani na daftari lake. Mbele ya jiko alisimama baba yake, mikono ya shati imekunjwa, akikoroga bakuli kwa nguvu.

Hakugeuka kumtazama.

"Carmelle," alisema, "leta birika!"

Naye, kabla hata ya kuvua koti, akalileta.